Usharika, jumuiya, bahasha na mnada: maswali mnayoniuliza kila wiki

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Dar, na jumuiya yetu inapokea wageni mara kwa mara, wengine wametoka Moshi, Bukoba, Iringa, wengine wamezaliwa hapahapa mjini ila jumuiya hawajawahi kukanyaga. Maswali ni yaleyale kwa hiyo nimeamua kuyaandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii usome taratibu. Ninayosema ni ya kwetu, sharika zingine zina utaratibu tofauti kidogo, kwa hiyo mambo ya tarehe na fomu uliza ofisi ya kwenu.

Usharika, mtaa, jimbo, dayosisi, mbona mnachanganya?

Anzia juu ushuke. Kuna KKKT yenyewe, ndani yake dayosisi (sisi tuko Mashariki na Pwani), dayosisi ina majimbo, jimbo lina sharika, usharika una mitaa na jumuiya. Usharika una mchungaji, mtaa mara nyingi unalelewa na mwinjilisti mpaka ukue uwe usharika. Jumuiya ni ninyi majirani, nyumba kumi, kumi na tano hivi.

Na usishangae ukikuta mzee wa Machame na mzee wa Njombe wanabishania jinsi ya kuendesha ibada. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na kila upande ulikuwa na wamisionari wake, mfano wale wa vyama vya Kijerumani, Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, Berlin walikuwa Nyanda za Juu Kusini, Bethel wakashika Usambara na baadaye Bukoba. Dar tumekutana wote, kila mtu kaja na ladha ya kwao.

Nimehamia Dar, nasali hapo kila Jumapili, si tayari ni msharika (mwanachama wa usharika)?

Hapana. Hili ndo swali namba moja na jibu lake halipendwi. Unaweza kusali miaka mitano, ukakaa benchi lilelile, ukatoa sadaka nono, na ofisini hakuna mtu anayekujua. Mchungaji anakuona sura tu, na kwa usharika wenye ibada mbili au tatu hata sura hakuoni. Siku una shida ndo unaanza kutafuta jina la mzee wako wa kanisa, na hiyo siku mara nyingi ni siku mbaya.

Fanya hivi. Chukua barua ya utambulisho usharika ulikotoka, ipeleke ofisini, watakuuliza unaishi wapi alafu watakuelekeza jumuiya. Nenda jumuiya. Jina likiingia kwenye daftari la jumuiya na mzee wa kanisa akikufahamu, hapo sasa ni msharika kwa maana halisi. Ofisi inaandika, jumuiya inakujua, unahitaji vyote viwili, ila kama ningelazimishwa kuchagua ningekwambia anza na jumuiya.

Sina barua, usharika wa zamani niliondoka zamani sana

Sema ukweli ofisini. Wapigie simu wa kule, siku hizi wachungaji wanajuana na wana magrupu yao, watakuulizia. Au ukienda kijijini Desemba pitia ofisi ya usharika uichukue, ni karatasi moja tu. Kama una cheti cha ubatizo au cha kipaimara (kuthibitishwa kwenye imani baada ya mafundisho) kipige picha ukitunze kwenye simu, watu wengi vyeti vyao viko kwenye sanduku la bibi.

Jumuiya inakutana lini na inafanyika nini huko?

Kwetu Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, najua mapema, wote tulilalamika mwanzoni. Kuna jumuiya zinakutana katikati ya wiki jioni lakini kwa foleni za Dar jioni ni kujidanganya, mtu wa Kariakoo anafika watu wanaaga.

Mnakutana nyumbani kwa mtu, kwa zamu. Unakuta viti vya plastiki vimepangwa barazani au uani, kitambaa cheupe mezani, Biblia na kitabu cha nyimbo. Wimbo, sala, somo la wiki linasomwa, na hapo mnajadili, siyo mahubiri, mtu anauliza, mwingine anajibu, kuna baba mmoja kwetu kila somo lazima alipeleke kwenye bei ya vitu sokoni na mara nyingi anakuwa na pointi. Maombi kwa wagonjwa kwa majina. Sadaka. Alafu matangazo, na matangazo ndo yanachukua muda, nani kajifungua, nani amelazwa Muhimbili, ya ujenzi yamefikia wapi, wiki ijayo tuko kwa nani. Saa moja, saa moja na nusu mmemaliza mtu anawahi dukani kwake.

Chai? Kwetu tulikubaliana hamna kupika. Ilianza kidogokidogo, huyu chai na mandazi, yule akaongeza supu, wa tatu akaleta pilau, mwisho wake watu wenye chumba kimoja wakawa wanakwepa zamu. Sasa ni maji ya kunywa tu na kila mtu anapokea jumuiya bila presha. Nawashauri wengine mfanye hivyohivyo.

Naishi chumba kimoja cha kupanga, nitapokeaje watu kumi na tano?

Mtakaa koridoni. Ongea na mwenye nyumba mapema, wengi wanakubali hata wasio Wakristo, na wakati mwingine wapangaji wenzako wanatoa viti vyao. Ikishindikana jirani wa jumuiya atakupa uwanja wake na zamu inabaki yako.

Mume wangu ni Mwislamu / Mkatoliki / haendi popote, naweza kuja peke yangu?

Njoo. Tunao wengi. Ila zamu ikifika kwako mwambie mwenzio mapema, asirudi toka kazini usiku akute benchi uani kwake hajui kesho kuna nini.

Ibada Jumapili ni saa ngapi na inachukua muda gani?

Sharika nyingi za mjini zina ibada ya kwanza mapema, kama saa 1 asubuhi, na ya pili kuanzia saa 3 au saa 4. Weka masaa mawili, siku ya Chakula cha Bwana (mkate na divai) au kipaimara ongeza. Ya kwanza ina watu wa haraka, wenye maduka na wenye zamu kazini, ya pili ina kwaya nyingi na matangazo marefu. Ukiwa na watoto wadogo nashauri ya pili kwa sababu shule ya Jumapili kwetu inaenda sambamba nayo. Katikati ya wiki kuna moning glori alfajiri kwa wanaopitia kabla ya kazi, fupi, wengine wanakuja na sare za kazini kabisa.

Nimetoka kanisa la kiroho (la Kipentekoste), sielewi lini nasimama lini nakaa

Angalia wa mbele yako haha. Kiukweli ndani ya mwezi utakuwa umezoea kwa sababu mpangilio haubadiliki sana. Mnaanza na wimbo, mnaungama dhambi kwa pamoja, mchungaji anatangaza msamaha, masomo, injili mnasimama, mnakiri imani kwa sauti, mahubiri, sadaka, maombi ya kanisa, Sala ya Bwana, baraka. Sehemu zingine zinaimbwa, mchungaji anaimba mstari na washarika wanajibu, na hizo sehemu wazee wanazijua bila kitabu.

Watu wanaotoka makanisa mengine wanasema ibada yetu imepoa. Siwabishii sana, kuna Jumapili kweli kinanda kinavuta mpaka unasinzia. Lakini ukifiwa, au ukiwa umechoka hata neno la kuomba huna, ule mpangilio unakubeba, maneno yapo tayari, wewe unaitikia tu. Mimi nimeuelewa nikiwa mtu mzima.

Wageni wanasimamishwa, naogopa

Utasimama, utataja jina na unakotoka, utapigiwa makofi, utakaa. Sekunde kumi na tano. Usipotaka usisimame, hakuna polisi. Ila ukisimama siku hiyo kuna mtu wa eneo lako atakufuata nje kukuuliza unakaa mtaa gani, na hapo ndo umeipata jumuiya bila kuzunguka.

Zile rangi za madhabahuni zinabadilika kwa nini?

Zinafuata kalenda ya kanisa. Zambarau ni Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani ni zile Jumapili nyingi za kawaida. Na masomo ya kila Jumapili yapo kwenye kalenda vilevile, kwa hiyo unaweza kulisoma somo Jumamosi usiku ukaja umejiandaa. Wachache wanafanya.

Chakula cha Bwana ni kila Jumapili? Nani anaruhusiwa?

Kwetu ni mara moja kwa mwezi pamoja na sikukuu. Anayekaribia ni aliyebatizwa na kupata kipaimara, na ambaye hayuko chini ya utaratibu wa kurudi kundini (nakuja huko chini). Mgeni wa Kilutheri kutoka usharika mwingine karibu. Kama wewe ni wa dhehebu lingine ongea na mchungaji kabla, usisubiri uko kwenye foleni ya kwenda mbele.

Nilibatizwa Katoliki / Anglikana / Moravian, nitabatizwa upya?

Hapana. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu ni mmoja, haurudiwi. Utapata mafundisho kidogo alafu unapokelewa mbele ya usharika.

Bahasha ni za nini? Na ahadi? Na sadaka zingine?

Twende taratibu maana hapa ndo kelele zilipo.

Sadaka ya kikapu ni ya kila mtu, hata mgeni, hata mtoto na mia yake, tena watoto wafundishwe kuweka wenyewe. Bahasha ni ya msharika aliyesajiliwa, ina jina au namba yako, na ndani unaweka ahadi. Ahadi ni kiasi ambacho wewe mwenyewe mwanzoni mwa mwaka umesema utamtolea Mungu, unagawa kwa wiki au kwa mwezi unavyolipwa. Hakuna anayekupangia. Alafu kuna sadaka ya shukrani, kuna fungu la kumi kwa wanaotoa, kuna mavuno, kuna ujenzi, na ujenzi kwenye sharika za Dar hauishagi, ukimaliza kanisa inakuja nyumba ya mchungaji, ikiisha hiyo inakuja shule ya awali.

Pesa inahesabiwa siku hiyohiyo baada ya ibada, wazee zaidi ya mmoja mezani, inaandikwa, inasainiwa. Jumapili inayofuata unasikia kwenye matangazo, ibada ya kwanza watu kadhaa sadaka kadhaa, ibada ya pili kadhaa. Sehemu inabaki usharikani kwa mishahara, umeme, diakonia (huduma kwa wenye shida), sehemu inapanda dayosisi. Ukitaka kujua zaidi njoo mkutano mkuu wa usharika, taarifa ya fedha inasomwa na maswali yanaruhusiwa, ajabu ni kwamba wanaolalamika zaidi vijiweni huwaoni hata siku moja pale.

Siku hizi kuna lipa namba, unatoa kwa simu. Hakikisha jina linalokuja ni la usharika, siyo la mtu. Mtu akikutumia meseji eti mchungaji amekwama tuma kwenye namba hii, piga ofisini kwanza.

Nimepoteza kazi, siwezi kumalizia ahadi

Mwambie mzee wa kanisa, basi. Hiyo siyo deni la benki. Tafadhali usiache kuja kanisani kwa aibu ya bahasha, nimeona watu wanapotea miezi kwa ajili hiyo, na wakati wanapotea ndo walikuwa wanahitaji watu zaidi.

Ule mnada nje baada ya ibada ni nini? Si kanisa jamani?

Haha, kila mgeni anauliza. Kuna washarika wanatoa sadaka ya vitu badala ya pesa, kuku, trei la mayai, mkungu wa ndizi, nanasi, mchicha, maziwa kwenye chupa ya maji. Vitu vinapelekwa madhabahuni vinaombewa, na kwa kuwa mchungaji hawezi kupeleka mkungu benki, vinapigwa mnada nje.

Sasa mnada wenyewe. Mnadishaji anasimama kwenye ngazi na jogoo kamshika miguu, jogoo anapiga mabawa, "elfu kumi huyu, huyu anawika saa kumi kamili, elfu kumi na mbili nani kasema, mama mchungaji hebu mwangalie alivyo", mtu anapandisha, mwingine anapandisha kwa utani wa ukoo, mtani wake hakubali kushindwa, jogoo anafika elfu thelathini na tano. Aliyeshinda analipa alafu anasema "narudisha", jogoo anauzwa tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu na mwishowe anapewa bibi mjane wa jumuiya fulani, anaondoka naye kwapani. Nyanya za elfu moja zinauzwa elfu tano na mnunuzi anajua kabisa anachofanya.

Hii ilitoka vijijini ambako pesa ya mkononi ilikuwa shida na watu walileta walichovuna, Dar tumeiendeleza na hata wa mjini wanaenda kununua trei la mayai dukani Jumamosi ili walitoe Jumapili. Kwangu mimi ule mnada unaunganisha watu kuliko semina tatu za umoja. Ukiwa mgeni na hujui pa kuanzia, nunua mchicha, utaulizwa jina na watu sita.

Kitu kimoja tu, lipa palepale. Kuna watu wanapandisha bei kwa mbwembwe alafu wanaingia kwenye gari.

Nataka kumbatiza mtoto, natakiwa niwe na nini?

Uwe msharika, ujulikane jumuiya, uje na wasimamizi ambao wenyewe wamepata kipaimara. Kuna siku ya semina kwa wazazi na wasimamizi, msiikwepe. Msimamizi usimchague kwa kuangalia zawadi. Mtoto atakapokuwa na miaka kumi na tatu hilo godoro alilomnunulia litakuwa limeshachakaa, utataka mtu wa kukaa naye akaongea naye.

Mtoto mahututi hospitali, usisubiri mchungaji. Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa dharura, maji na jina la Utatu, hata nesi. Akipona mkatoe taarifa usharikani, aandikwe na aombewe mbele ya watu.

Sina ndoa, mtoto wangu atakataliwa?

Mtoto hana kosa, na sijaona kwetu mtoto akikataliwa. Mzazi ndo atazungumza na mchungaji juu ya kurudi kundini.

Haya, kurudi kundini ni nini?

Mtu aliyetengwa na Chakula cha Bwana, labda anaishi na mwenzake bila ndoa, au amezaa nje ya ndoa, au aliacha kanisa muda mrefu, anakutana na mchungaji, wanaongea, anaomba, anapokelewa tena. Zamani ilikuwa lazima mbele ya usharika wote, na walioitwa mbele walikuwa zaidi wasichana wenye mimba huku kijana aliyehusika kakaa kwenye benchi la kwaya anaimba besi. Nasema wazi hilo halikuwa sawa na wachungaji wengi siku hizi wanalifanya kwa staha, ofisini au kwa kundi zima bila kutaja kosa la mtu. Kama uliumizwa hivyo zamani na ndo maana hurudi, mtafute mchungaji wa sasa uongee naye, hata kwa simu.

Kipaimara kinachukua muda gani?

Kwetu miaka miwili, madarasa Jumamosi, watoto kuanzia kama miaka 12. Wanasoma Biblia na Katekisimo Ndogo ya Luther, Amri Kumi na maana zake, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Chakula cha Bwana, na kuna mtihani. Mzazi unayempeleka mtoto bweni uliza mapema kama mafundisho ya shuleni yanatambulika usharikani, usije ukagundua mwezi wa mwisho.

Kuhusu sherehe nitasema na mnichukie. Mtoto wa miaka kumi na nne anakodiwa ukumbi, emsii, keki ya ngazi tano na kadi za mchango kama harusi, alafu mwaka unaofuata humuoni kanisani. Pika pilau nyumbani ita jumuiya inatosha.

Ndoa: tuanze lini kufuatilia?

Miezi sita kabla, siyo baada ya kulipia ukumbi. Kila mmoja anahitaji barua ya usharika wake, vyeti vya ubatizo na kipaimara, mafundisho ya ndoa, na ndoa itangazwe Jumapili tatu. Hata serikali inataka muda, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo anayekuja na "mchungaji tufungie wiki ijayo" anapoteza nauli. Kama mlishafunga bomani hiyo ni ndoa halali, mnakuja kubariki. Kama mwenzako ni wa dhehebu lingine inawezekana ila mkubaliane kabla mtasali wapi na watoto watabatizwa wapi, msiseme tutaona mbele, huko mbele mashangazi wa pande zote mbili watakuwa wameshafika.

Tumefiwa, tunaanza na nani?

Mpigie mwenyekiti wa jumuiya, hata saa nane usiku. Yeye anampigia mzee wa kanisa, mzee anaifikisha ofisini na kwa mchungaji. Wewe kaa na watu wako.

Ndani ya masaa machache utaona. Kuna anayeshughulikia turubai na viti, kuna wamama wanafika na kanga wamefunga kiunoni wanauliza jiko liko wapi, hawakuulizi wewe chochote, kuna kijana anafungua daftari la rambirambi mezani na kuandika kila jina na kiasi, kuna mtu wa kupokea simu za ndugu. Jioni ibada nyumbani, kila jioni mpaka siku ya kuaga. Kwaya inapangwa. Kama usharika una kikundi cha tarumbeta mwombe, ukisikia tarumbeta zinapiga wimbo wa maziko asubuhi hata aliyejikaza analia, na ni vizuri alie.

Wengi wetu tunasafirisha kwenda kuzika nyumbani. Hapo inafanyika ibada ya kuaga Dar, usharika wa hapa unaandika barua kwa usharika wa kule ili mchungaji wa kule ajue marehemu alikuwa nani, na jumuiya inatoa wawakilishi wanapanda basi pamoja na familia. Ile barua ndo inawatesa wasiosajiliwa. Mchungaji anaulizwa athibitishe mtu ambaye hajawahi kumuona, mzee wa kanisa hamjui, jumuiya haimjui, familia iko pale nje imechoka na gari la msiba linasubiri. Tunatafuta njia, hatuachi mtu bila kuzikwa, lakini muda huo mgumu unautumia kueleza vitu ambavyo vingeelezwa siku yoyote ya kawaida kwa dakika tano.

Na msiba ukiisha jumuiya inarudi, kwetu tunaenda tena baada ya wiki kadhaa, watu wakishapungua na nyumba imekuwa kimya.

Watoto wanafanya nini zaidi ya shule ya Jumapili?

Njoo mwishoni mwa Septemba, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo ibada ni yao, wanaongoza, wanasoma masomo, ngonjera, igizo, kwaya yao. Mwaka mmoja Goliathi wetu alikuwa mfupi kuliko Daudi, na alipopigwa jiwe akakataa kuanguka kwa sababu shati lilikuwa jipya, mwalimu wake akabaki anamkonyeza pale pembeni bila mafanikio. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka.

Nataka kujiunga kwaya

Kuna Kwaya Kuu, ya vijana, ya uinjilisti, na timu ya kusifu. Sauti siyo tatizo, tatizo ni mazoezi, mara mbili tatu kwa wiki jioni, na sare. Uliza bei ya sare kabla ya kujiunga.

Mchungaji nampataje, kila nikienda yuko kikaoni?

Piga ofisini uombe miadi. Au pitia kwa mzee wako wa kanisa, wachungaji wa mjini wana washarika wengi mno, Jumatatu wengi wanapumzika, Jumamosi ni misiba na ndoa. Mambo mengi ya kawaida mzee wa kanisa au mwinjilisti anayamaliza. Ya siri ya moyo peleka kwa mchungaji mwenyewe, na usimwambie mlangoni baada ya ibada akiwa anapeana mikono na watu mia tatu, hatakumbuka.

Nahama Dar, nafanyaje?

Aga jumuiya, aga mzee wa kanisa, chukua barua ofisini kabla hujafunga mizigo. Mwambie katibu akutoe kwenye zamu na kwenye grupu la WhatsApp, ingawa wengi wanaombaga wabaki, sawa tu. Na angalia jikoni, jumuiya nyingi zina vyombo vyake, kama kuna sufuria kubwa lenye herufi za rangi nyekundu kwenye mfuniko lipeleke kwa mtunza vifaa, hilo siyo lako, tunalitafuta.